Nani Aandikwe Mkulima: Ruzuku ya Pamba katika Kaunti ya Sunflower



Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kilimo. Nitawapeleka mbali kidogo, hadi jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kwenye kaunti moja ya mashambani iitwayo Sunflower. Nina sababu ya kufanya hivyo. Marekani imekuwa ikiwalipa wakulima wake fedha taslimu kutoka hazina ya serikali kwa zaidi ya miaka 90, na kumbukumbu za malipo hayo zipo, zimechambuliwa na zimegombewa mahakamani. Kwa hiyo tunaweza kwenda kule kulitafutia jibu swali ambalo hapa kwetu Tanzania ndiyo kwanza tunaanza kuliuliza kwa sauti: serikali inapotenga fedha kwa ajili ya mkulima, nani anakaa mezani na kuamua kwamba fulani ni mkulima na fulani siye?

Watu wawili wa kaunti hiyo watatusaidia. Wa kwanza ni James Eastland, seneta wa Mississippi kuanzia mwaka 1943 hadi 1978, mwenye shamba la pamba la ekari zaidi ya 5,000 pale Doddsville. Wa pili ni Fannie Lou Hamer wa Ruleville, maili chache tu kutoka kwa seneta, mtoto wa ishirini katika familia ya wakulima wasio na ardhi, aliyeanza kuokota pamba akiwa na miaka sita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 seneta alikuwa akilipwa na serikali zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kupitia programu za pamba, na sehemu ya malipo hayo ilikuwa ya kuacha ekari bila kulimwa. Katikati ya muongo huohuo kibarua aliyepalilia pamba Sunflower alikuwa akipata dola 3 kwa siku, na siku yenyewe ilikuwa ya saa kumi juani. Fedha za seneta ziliandikwa kwenye vitabu kuwa ni msaada kwa mkulima.

Mtu akisikia hivyo atasema ni wizi. Ingekuwa wizi, kazi yangu leo ingekuwa nyepesi. Kila dola aliyolipwa Eastland ililipwa kwa mujibu wa sheria, kwa fomu zilizojazwa sawasawa na kupitishwa na kamati iliyochaguliwa kwa kura. Mimi naona hilo ndilo linalotupasa sisi kulitazama kwa makini.

Sunflower iko katika eneo wanaloliita Delta. Msiifikirie kama delta ya Rufiji, maana bahari iko mamia ya kilomita kutoka pale. Ni uwanda tambarare kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, wenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya karne nyingi, udongo unaoipenda pamba. Makao makuu ya kaunti ni mji wa Indianola. Kaskazini yake kuna gereza la Parchman, ambalo kwa miongo mingi wafungwa wake walilimishwa pamba. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 26,000 katika kaunti nzima, na zaidi ya theluthi mbili ni Wamarekani weusi. Ardhi, hata hivyo, tangu mwanzo ilikuwa ya weupe wachache.

Sasa turudi mwaka 1933, malipo yalipoanza. Bei ya pamba nyuzi ilikuwa imeporomoka kutoka senti 17 hivi kwa ratili mwaka 1929 hadi senti 6 hivi mwaka 1932. Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani serikali ikaamua kupandisha bei kwa kupunguza pamba sokoni, yaani kumlipa mkulima ili alime eneo dogo zaidi. Sheria ilitiwa saini tarehe 12 Mei 1933, na kufikia hapo pamba ilikuwa tayari imeota. Ikabidi ing'olewe. Kiangazi kile ekari kama milioni 10 za pamba iliyokuwa ikikua zilipigwa plau. Wakulima wakakuta nyumbu wanagoma. Mnyama aliyefundishwa maisha yake yote kupita katikati ya mistari bila kukanyaga mche hata mmoja, leo anaswagwa kupita juu ya miche, naye hataki. Walioshuhudia msimu ule waliendelea kusimulia habari ya nyumbu kwa miaka mingi.

Fedha za fidia zikaja. Zilimfikia nani? Hapa lazima niwaeleze namna pamba ya Delta ilivyolimwa. Familia nyingi hazikuwa na ardhi. Zililima nusu kwa nusu: mwenye shamba anatoa ardhi, nyumbu, mbegu na kibanda cha kulala, familia inatoa mikono, na mavuno yanagawanywa. Kabla ya mgawo huo familia ilikuwa imekopa unga, nyama ya nguruwe na mafuta ya taa kwenye duka la mwenye shamba, na daftari la madeni alikuwa nalo yeye. Desemba hesabu ilipopigwa, wengi waliambiwa wametoka sare au wamebaki na deni la kuanzia mwaka mwingine.

Serikali ilifunga mkataba na mwenye shamba, maana ndiye mwenye hati. Mkataba wa pamba wa mwaka 1934 na 1935 ulilipa senti 4 na nusu kwa kila ratili ambayo haikulimwa. Senti 3 na nusu ziliitwa kodi ya ardhi, hizo zote za mwenye ardhi. Senti 1 iliyobaki ikagawanywa nusu kwa nusu kama mavuno. Kwa hesabu hiyo, aliyekuwa akilima kwa mikono yake alipata nusu senti, na mwenye hati senti 4. Hata hiyo nusu senti ilipitia kwa mwenye shamba kwanza, naye alikuwa na lile daftari.

Kulikuwa na jambo zito kuliko mgawo. Ukimpunguzia mwenye shamba ekari, mikono anayoihitaji nayo inapungua. Na akimfukuza mlimaji wa nusu kwa nusu, akamrudisha kama kibarua wa kutwa, hana tena wa kugawana naye hundi ya serikali. Waliotunga mkataba waliiona hatari hii wakaweka kifungu cha 7, kilichomtaka mwenye shamba abaki na idadi ileile ya walimaji kadiri itakavyowezekana. Hayo maneno ya mwisho yakawa mlango wa kuwatolea watu. Familia zikakutwa barabarani na masanduku yao katikati ya baridi. Julai 1934, pale Tyronza katika jimbo jirani la Arkansas, wanaume weupe 11 na weusi 7 walikutana wakaunda Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini kudai haki ya hundi ile. Ilikuwa ni ujasiri wa ajabu kwa watu wa rangi mbili kukaa chumba kimoja mahali pale na wakati ule. Huko Washington, kikundi cha wanasheria vijana wa wizara ya kilimo, wakiongozwa na Jerome Frank, kilijaribu kukisoma kifungu cha 7 kwa maana ya kwamba mlimaji yuleyule asiondolewe. Februari 1935 wakafukuzwa kazi. Waziri wa kilimo, Henry Wallace, alijikuta kati ya wanasheria wake na maseneta wa Kusini waliokuwa wakishikilia kura za bajeti, akawachagua maseneta.

Shamba kubwa kuliko yote ya pamba Delta, lililokuwa kaunti ya Bolivar inayopakana na Sunflower, lilikuwa mali ya wenye viwanda vya nyuzi vya Manchester, Uingereza. Nalo lilipokea ruzuku. Meneja wake, Oscar Johnston, alikuwa wakati huohuo ofisa mkubwa wa fedha katika idara iliyokuwa ikigawa malipo hayo. Sisi tuliolimishwa pamba kwa ajili ya viwanda vya Uingereza tuna haki ya kulikumbuka hilo.

Hundi zilifanya kazi nyingine ya kimyakimya: zilinunua matrekta. Mwaka 1944, karibu na mji wa Clarksdale, shamba moja lilivuna zao lake lote kwa mashine za kuokota pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia za walimaji zilimiminika kwenda Chicago na Detroit. Watu husema mashine ziliwafukuza. Ni kweli, lakini mashine ina bei, na hundi ya serikali ilisaidia kuilipa bei hiyo.

Sasa nifike kwenye kamati, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Wamarekani waliamua mapema kwamba ruzuku isiendeshwe na makarani wa Washington wasiojua tofauti ya pamba na mahindi. Iendeshwe na wakulima wenyewe, kaunti kwa kaunti. Kila kaunti ikawa na kamati ya watu watatu, inayochaguliwa na wakulima. Wazo hilo ni zuri na mimi sina ugomvi nalo hata leo. Kamati ile ilikuwa na mamlaka makubwa: iligawa ekari za pamba ambazo kila mtu aliruhusiwa kupanda, ilisimamia upimaji wa mashamba, iliamua nani anastahili malipo, na ilisikiliza malalamiko. Yaani ukinyimwa na kamati, unakwenda kulalamika kwa kamati.

Kwa mujibu wa kanuni, mlimaji wa nusu kwa nusu naye alikuwa na haki ya kupiga kura kuichagua. Mtihani wa kusoma na kuandika, uliotumika kuwazuia weusi wasiandikishwe kupiga kura za kisiasa, kwenye uchaguzi huu haukuwapo. Hata hivyo, Tume ya Haki za Raia ya Marekani ilipotoa taarifa yake mwaka 1965, miongoni mwa wajumbe wa kamati za kaunti katika majimbo ya Kusini, ambao walikuwa karibu 5,000, hakupatikana mweusi hata mmoja. Na hizo zilikuwa kaunti ambazo nyingine zilikuwa na wakulima weusi wengi kuliko weupe.

Iliwezekanaje? Tuitazame kwa karibu, maana mbinu zenyewe si ngeni. Mkulima mweusi hakuambiwa uchaguzi ni lini. Karatasi ya kura ilitumwa kwa posta, ikafikia kwenye sanduku la barua la mwenye shamba. Vijana wa harakati za haki za raia, wale wa SNCC, walipoanza kuwaelimisha wakulima kuhusu kura hii mwaka 1964, waliowafuata walitishwa na wengine wakafukuzwa mashambani. Na pale ambapo weusi walifaulu kusimamisha wagombea wao, kamati iliyokuwa madarakani ilibuni jambo la kijanja: iliongeza majina mengine ya weusi kwenye karatasi, watu ambao hata hawakuomba kugombea, ili kura za weusi zitawanyike huku za weupe zikikaa pamoja. Hesabu inatoka safi, hakuna kura iliyoibwa, na wajumbe ni walewale.

Mkulima mweusi mwenye ekari zake 40 alikuwa anapimiwa shamba na jirani aliyelitaka shamba hilo. Akigawiwa ekari chache za pamba, hawezi kulipa mkopo. Akishindwa mkopo, ardhi inapigwa mnada, na mnunuzi mara nyingi alijulikana kabla ya mnada kutangazwa. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 925,000. Sensa ya kilimo ya mwaka 1997 iliwakuta hawafiki 20,000. Siwezi kuilaumu kamati kwa anguko hilo lote. Kulikuwa na wadudu, masoko, miji iliyokuwa ikiwaita watu, na vitisho vya usiku. Lakini kamati ilikuwepo kila msimu, na kila msimu ilikuwa na kalamu.

Fannie Lou Hamer aliyajua mambo haya kutokea ndani. Kwa kuwa alikuwa anasoma na kuandika, alifanywa karani wa shamba, anayeandika saa za vibarua na uzito wa pamba. Aliona mizani imechezewa jiwe ili kilo za mwokotaji zipungue. Basi mwenye shamba asipokuwapo alibadilisha jiwe, akaweka lenye uzito wa haki. Wakulima wa pamba mliopo hapa mnanielewa vizuri sana. Ugomvi wa mizani kwenye vituo vya ununuzi hauhitaji kufafanuliwa. Tarehe 31 Agosti 1962 Hamer alikwenda Indianola pamoja na wenzake 17 kujiandikisha kupiga kura. Usiku huohuo alifukuzwa kwenye shamba alilokuwa amelifanyia kazi miaka 18.

Mwaka 1967 sheria ya kima cha chini cha mshahara ilianza kuwahusu vibarua wa mashamba, dola 1 kwa saa. Wenye mashamba wakajibu kwa dawa za kuua magugu na kwa kuwaondoa watu. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwalipa wasilime sehemu kubwa ya ekari zao za pamba, kwa hiyo waliweza kuondoa watu na bado mwaka ukaisha vizuri kwao. Aprili 1967 Seneta Robert Kennedy na Seneta Joseph Clark walitembelea Delta wakaingia kwenye vibanda na kukuta watoto wenye matumbo yaliyovimba kwa njaa, juu ya ardhi yenye rutuba kuliko karibu yote ya nchi ile.

Hamer alilijibu jambo hili kwa ardhi. Kwa msaada wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi alianzisha benki ya nguruwe: familia inapewa nguruwe jike, akizaa inarudisha watoto wawili ili familia nyingine nayo ipate. Mwaka 1969 akaanzisha Ushirika wa Freedom Farm, ekari 40 kwanza, kisha mamia mengine, ambao walilima mboga na maharage kwa ajili ya familia zenye njaa, na pamba na soya kwa ajili ya kulipia ardhi. Ushirika ulikufa katikati ya miaka ya 1970 kwa madeni na misimu mibaya ya hali ya hewa. Hamer alifariki Machi 1977. Mimi huumia kila ninapofika hapa, kwa sababu mafuriko na ukame vilivyouangusha ushirika viliwapiga pia wakubwa jirani zake, ila wao walikuwa na miaka 40 ya hundi nyuma yao.

Bunge la Marekani halikukaa kimya kabisa. Mwaka 1970 liliweka ukomo wa kwanza wa malipo, dola 55,000 kwa mtu mmoja kwa kila zao, na mwaka 1973 likaushusha hadi dola 20,000. Ungedhani mambo yamekwisha. Wenye mashamba makubwa walichofanya ni kuongeza watu. Shamba lilelile moja likagawanywa kwenye karatasi: kampuni ya baba, kampuni ya mama, ubia wa watoto, amana ya wajukuu, kila kimoja kikidai ukomo wake. Ukichora mchoro wa umiliki, shina moja katikati na matawi kila upande, unapata umbo la mti wa Krismasi, na kweli miaka ya 1980 mpango huo ulikuja kujulikana nchi nzima kama mti wa Krismasi wa Mississippi. Sheria ya mwaka 1987 ilipunguza matawi. Sheria ya mwaka 2018 ikayachipusha tena kwa kuwaingiza wapwa na mabinamu katika familia ya shamba. Sheria ya mwaka 2025 iliuweka ukomo kuwa dola 155,000 kwa mtu kwa mwaka, na mtu ni yule anayetambulika kwenye karatasi.

Mfumo wenyewe leo hii umebadilika kwa jina. Malipo ya kuacha ardhi yamepungua umuhimu, na badala yake kuna bei ya rejea iliyotajwa na sheria: bei ya soko ikishuka chini yake, serikali inalipa tofauti. Inalipa kwa ekari za msingi, yaani ekari zilizoandikwa zamani kulingana na kilichopandwa miaka iliyopita. Mwenye historia ndefu ya kulima pamba nyingi anapata malipo makubwa, hata kama mwaka huu amepanda kitu kingine. Sasa jiulizeni historia hiyo katika Sunflower ilijengwaje, na ekari za pamba ziligawiwa na nani.

Waliodhulumiwa walikwenda mahakamani. Mwaka 1999 kesi iliyofunguliwa na mkulima wa North Carolina, Timothy Pigford, dhidi ya wizara ya kilimo ilimalizika kwa makubaliano yaliyowalipa wakulima weusi zaidi ya 15,000, wengi wao dola 50,000 kila mmoja. Makubaliano ya pili yalifuata mwaka 2010. Julai 2024 serikali ilitangaza imewalipa watu zaidi ya 43,000 jumla ya dola bilioni 2 hivi kwa ubaguzi katika mikopo ya kilimo, na Mississippi ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopata wengi zaidi. Miongoni mwa waliolipwa wako wasio na shamba tena. Dola 50,000 hazirudishi ekari 100 zilizopigwa mnada.

Nimeeleza ya kwao. Yanatuhusu vipi sisi?

Yanatuhusu kwa bei, kwanza. Pamba ya Simiyu na Shinyanga, inayolimwa kwa jembe la ng'ombe kwenye ekari mbili tatu, ikishachambuliwa inauzwa kwa bei ileile ya dunia inayouziwa marobota ya Mississippi. Mwaka 2001 bei hiyo ilianguka chini ya senti 40 kwa ratili. Mkulima wa Delta alifidiwa na hazina yake, akaendelea kupanda. Wa Maswa, kule Simiyu, aliambiwa soko limeshuka. Brazili ilishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikionyesha kwamba kati ya mwaka 1999 na 2002 Marekani ilitoa ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 12 kwa pamba yake. Mwaka 2003, kule Cancún, nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilidai ruzuku hizo ziondolewe na wakulima wao wafidiwe. Brazili ilishinda kesi. Unajua ilimalizikaje? Marekani ilikubali kuilipa Brazili dola milioni 147 kwa mwaka, kwa ajili ya kuwasaidia wakulima wa pamba wa Brazili, ili yenyewe iendelee kuwalipa wa kwake. Jambo likafungwa mwaka 2014 kwa malipo ya mwisho ya dola milioni 300. Nchi nne za Afrika hazikuwa na ubavu wa kulipiza kisasi cha ushuru kama Brazili, kwa hiyo hazikuambulia fidia.

La pili linatugusa ndani ya nyumba. Kuanzia mwaka 2008 Tanzania iliendesha mpango wa vocha za pembejeo: mkulima mdogo anasaidiwa kama nusu ya bei ya mbegu bora na mbolea za ekari moja. Vocha ziligawiwa na kamati ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, wanaowajua majirani zao. Lilikuwa wazo zuri, kwa sababu ileile iliyowafanya Wamarekani waanzishe kamati za kaunti. Mwaka 2009 watafiti wa Benki ya Dunia waliufuatilia mpango huu mkoani Kilimanjaro, wakakuta kwamba viongozi wa vijiji waliochaguliwa walipata asilimia 60 hivi ya vocha zilizogawiwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na katika vijiji vyenye pengo kubwa kati ya mwenye nacho na asiyenacho. Sisi hatuna rangi ya kusingizia. Tulikuwa majirani, wa kabila moja na msikiti mmoja au kanisa moja, na bado vocha zilijua njia ya kwenda kwa mwenyekiti.

Tangu mwaka 2022 mbolea ya ruzuku imekuja kwa usajili wa kielektroniki. Mkulima anaandikishwa kijijini, ukubwa wa shamba lake unaingizwa kwenye mfumo, anapewa namba, anakwenda kwa wakala. Kuna watu wanaodhani kompyuta imemaliza tatizo la kamati. Mimi siamini hivyo. Kompyuta inatunza kwa uaminifu mkubwa kile ilichoandikiwa, na anayeiandikia bado ni mtu wa pale pale kijijini. Mwanamke anayelima shamba lililoandikwa kwa jina la shemeji yake, kijana aliyekodi ekari tatu kwa msimu mmoja bila karatasi, mzee aliyeazimwa shamba na ukoo: hawa ndio walimaji wetu wa nusu kwa nusu, na ni wengi. Mwenye ardhi anaweza kujisajili kwa ekari ambazo hazilimi yeye, akachukua mbolea, akamuuzia mpangaji wake kwa bei ya dukani. Kila kitu kitakuwa sahihi kwenye mfumo.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yanawezekana msimu huu huu. Mwaka 1996 gazeti la The Washington Post lilishinda kesi dhidi ya wizara ya kilimo ya Marekani na kupata majina ya waliolipwa ruzuku ya pamba. Tangu wakati huo kuficha kumekuwa kugumu, na leo raia yeyote anaweza kutafuta malipo ya kaunti yake, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka. Sisi tubandike orodha kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: jina, ekari, idadi ya mifuko. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mbolea haijatoka ghalani. Anayelalamika asirudishwe kwa waliomwandika vibaya. Awe na mahali pengine pa kwenda, ngazi ya kata au wilaya, na apewe jibu kabla mvua hazijaanza, maana jibu la Machi kwa mbolea ya Novemba halimsaidii mtu. Na karani akishauliza shamba hili ni la nani, aulize pia nani analilima, ayaandike majina yote mawili, na mbolea itoke kwa jina la pili.